Sura ya Tano: Umande wa Tumbaku

Risasi ya kwanza haikumtisha mtu. Ya pili ndiyo iliyowafanya wanakijiji waangushe tairi.

Inspekta Marion Omanga alipita katikati yao bastola ikiwa bado juu, Sajini Clifford akimfuata mgongoni na rungu lake. Mtu aliyekuwa chini alilala kifudifudi kando ya ua wa ojuok, ile minyaa ya utomvu mweupe. Shati lake lilikuwa limebaki ukosi na mkono mmoja. Jino lake lilikuwa kwenye nyasi, karibu na shavu. Mgongo wake ulinuka petroli.

"Nani amemwaga petroli?"

Walilitazama tairi.

"Nauliza, nani amemwaga petroli?"

"Madam, tuachie kazi yetu," alisema mwanamume mmoja mrefu mwenye jembe. "Huyu ndiye aliyemuua Phelesia. Tumeshamjua. Serikali imechelewa."

"Mmemjuaje?"

"Hajala."

Marion alimtazama kama aliyesikia vibaya. Lakini alikuwa mtoto wa Ndhiwa, na alijua maana yake. Phelesia, mhudumu wa afya wa kijiji hiki cha Kamwala, alikutwa Jumanne asubuhi ndani ya banda la kukaushia tumbaku, kisogo kimepasuliwa. Leo ilikuwa Alhamisi na matanga yalikuwa siku ya tatu. Aliyelala kwenye nyasi ni Mirumbe, mume wa dada yake Phelesia, Mkuria kutoka mpakani kule Migori. Na katika nchi hii hata asiyejua kusoma anajua kwamba muuaji hali chakula nyumbani kwa aliyemuua. Akila, chira, laana ya mwiko, itamshika: lile tonge litashuka nalo litarudi na matumbo yake.

"Siku tatu, madam!" sauti ya mwanamke ilipaa. "Sahani inakuja, anampa jirani. Chai inakuja, anaiweka chini hadi nzi waoge. Or gani huyo, mkwe gani, anakataa chakula cha wakwe?"

"Pengine hana njaa," alisema Clifford.

"Siku tatu, omera? Wewe hata saa tatu huwezi, tumbo lako hilo."

Watu wengine walicheka. Zadock, mwenye duka la dawa za mashamba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na sahani magotini. Hakuwa ameinuka hata risasi zilipolia. Alimega ugali, akauchovya mchuzi.

"Sheria ni sheria, tuiheshimu," alisema huku akitafuna. "Lakini na nyinyi msikilize wananchi, madam. Mimi hii ni sahani ya pili. Asiye na hatia anakula."

Marion na Clifford walimwinua Mirumbe. Damu ilimtoka mdomoni kwa nyuzi. Walipofika kwenye gari, mwenye jembe aliwafuata akashika mlango.

"Jumamosi tunazika. Mimi ndiye nitakayefunika kaburi. Kama hamjatuletea mtu mwingine kabla sijamaliza, tutamfuata huyu huko mnakompeleka. Na hatutahitaji tairi."

Mlangoni mwa nyumba alikaa mama yake Phelesia, Kezia, miguu ameinyoosha, halii wala hasemi. Alikuwa akiitazama sahani ya Mirumbe iliyoachwa kwenye nyasi. Ugali ulikuwa mzima, umeota ngozi.

*

Hospitalini Homa Bay daktari alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka chumba cha maiti.

"Phelesia alipigwa mara tatu kisogoni. Fuvu limeingia ndani. Lakini tazama alama: mviringo, zote upana mmoja, kama kitako cha kikombe. Si nyundo. Si jiwe. Na hakufia bandani. Alibebwa."

"Na huyu mzima?"

"Mbavu tatu, taya, figo imechubuka. Hayo ni yenu ya leo." Daktari alishika karatasi ya pili. "Hili si la marungu. Nilipojaribu kumpitishia mpira wa chakula, mpira ulikwama. Tukaingiza kamera. Umio wake umejaa uvimbe. Njia iliyobaki inatosha mrija wa kalamu. Sitaki kutaja jina kabla ya maabara kusema, lakini wewe ni mtu mzima, unalijua jina."

"Anaweza kumeza tonge?"

"Inspekta, huyu mtu anameza mate kwa kupanga."

Marion alivuta kiti hadi karibu na kitanda. Mirumbe alikuwa na jicho moja lililofunguka.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilikwaruza. "Nisimame kwenye matanga ya shemeji yangu nianze kulilia koo langu? Yeye amelala pale amefunikwa shuka?"

"Wangekuchoma."

"Ningekufa tu, madam. Nimeshaanza."

"Nani mwingine alijua?"

"Phelesia. Aliniandika."

"Alikuandika wapi?"

"Daftari lake. Lenye jalada jekundu. Mumewe alipokufa kwa kibofu alianza kuzunguka. Kila mtu wa tumbaku anayeugua, anamwandika. Koo, kibofu, mdomo, mapafu. Anakuuliza umelima miaka mingapi. Ulinyunyiza dawa gani. Chupa ilikuwa na karatasi ama haina. Glavu ulivaa? Ulinunua wapi?" Alimeza, na kumeza kulichukua muda. "Mimi nilikuwa wa mwisho. Jumatatu alikuwa anapeleka Homa Bay, kwa wakubwa wa afya. Daftari na chupa."

"Chupa gani?"

"Ya soda. Ndani kuna dawa nyeupe, haina jina. Alisema ilipigwa marufuku kitambo na bado watu wanaoga nayo."

"Ya nani?"

"Alikataa kuniambia. Alisema nikijua nitaenda kupigana, na sina nguvu."

Marion aliinuka. Mwili wa Phelesia ulikutwa na kitambulisho, simu na leso. Daftari halikuwepo. Wala chupa.

*

Ijumaa saa moja asubuhi umande ulikuwa bado umekaa kwenye majani. Shamba la tumbaku la Dani Susana lilianzia kwenye njia ya kwenda barabarani na kuishia kwenye banda lake: kuta ndefu za udongo, bati juu, mdomo wa tanuri chini ukitoa moshi wa mikaratusi. Susana mwenyewe, mjane wa miaka sabini ambaye wote walimwita dani, yaani bibi, alikuwa amevaa gunia la nailoni alilolitoboa matundu ya mikono.

"Jumatatu alfajiri ulikuwa wapi, dani?"

"Hapa. Niliwasha moto Jumapili jioni. Nimechochea hadi mbingu ikaanza kupauka, nikaenda kukamua. Nikarudi, mlango umefungwa vilevile nilivyouacha."

"Hukuingia?"

"Siku ya kwanza unayaacha majani yajifikirie. Siku ya pili ndiyo unaingia kuangalia rangi. Kama manjano imekubali, unaongeza moto. Jumanne nikaingia." Aliutazama mlango. "Nikamwona chini ya fito za nyuma, amerundikiwa majani. Miguu nje. Yawa, Phelesia wa watu. Viatu amevaa vya kwendea mjini."

"Kila mtu wa tumbaku anajua kwamba utaingia siku ya pili?"

"Hata mbuzi wa mtu wa tumbaku anajua."

"Mirumbe?"

"Mirumbe amekausha tumbaku miaka ishirini! Ndiye aliyenijengea tanuri hili. Akitaka kuficha kitu, akilete hapa? Afadhali angeniletea mkononi."

Marion aliandika. Aliyemweka Phelesia mle alidhani moto ukishawashwa mlango haufunguliwi hadi wiki iishe, na kufikia hapo joto lingekuwa limeukausha mwili na ushahidi wake. Ni mtu aliyeona mabanda ya tumbaku maisha yake yote kwa nje.

Aligeuka shambani. Kuanzia njiani hadi bandani, mstari mmoja wa mimea ulikuwa umevunjwa. Mahali pamoja mimea minne ilikuwa imelala: hapo mbebaji alianguka na mzigo wake.

"Sajini, hebu upite tena mstari huo. Hesabu hatua."

Clifford hakusogea.

"Mimi nilishapita Jumanne, madam. Hatua mia moja themanini. Nimeandika."

"Pita tena."

"Madam, unajua hali yangu tangu Jumanne. Ile samaki."

Susana aliinua kichwa. "Samaki gani?"

"Alitapika nyuma ya gari mchana kutwa," alisema Marion.

"Wewe afande, Jumanne uliingia humu saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Tulipopigiwa tu."

"Mikono wazi hivyo? Shati likalowa?"

"Likalowa, ndiyo."

"Kisha mate yakakujaa kama mbwa wa kichaa. Kichwa kinazunguka. Miguu si yako. Ukawaza nani atamlea mtoto wako wa mwisho."

Clifford alimtazama kwa mashaka. "Dani, ulikuwa umejificha wapi?"

Mwanamke mzee alicheka hadi akakohoa, na kikohozi kikakaa zaidi ya kicheko. "Samaki wa watu hana kosa. Tumbaku ilikusalimia tu, nyathina. Inamsalimia kila mgeni. Umande unaitoa ile sumu yake kwenye jani, ngozi inainywa. Sisi tunavaa nailoni ama tunangoja jua. Na bado inatusalimia, polepole, kwa miaka."

Marion aliacha kuandika.

"Na mtu aliyembeba mwanamke mzito hatua mia moja themanini? Alfajiri, umande wote, akaanguka katikati akainuka?"

"Na si mtu wa tumbaku?"

"Si mtu wa tumbaku."

"Huyo kufikia saa nne alikuwa anamwita mama yake."

Marion alifunga kijitabu chake. Kwenye msumari kando ya mlango palining'inia kifuko cha karatasi ya daftari iliyosokotwa, aina ile ya kufungia dawa ya viwavi ya kupimwa kwa kijiko. Wino wa zambarau ulionekana kwenye mkunjo. Alikipita akielekea garini.

"Sajini, wenzetu wanamtafuta mtu aliyekataa kula. Sisi tunamtafuta aliyetapika."

*

Zahanati ya kwanza, Ndhiwa, ilikuwa na wajawazito wawili na mlevi. Ya pili na ya tatu hazikuwa na kitu. Ya nne ilikuwa kliniki ndogo ya mtu binafsi kwenye njia ya Asumbi, mbali kiasi cha mgonjwa kutojulikana. Muuguzi aliitwa Lynnet. Alipitisha kidole kwenye rejista.

"Jumatatu, saa nne na robo. Mwanaume. Amelowa jasho, mate yanatiririka, mapigo ya moyo yanapotea. Nikapima malaria, hana. Akasema anaitwa Tony. Jina la pili akakataa. Akasema amekula samaki wa Magunga."

"Kila mtu anamsingizia samaki," alisema Clifford.

"Lakini samaki hamfanyi mtu aombe atropini."

"Nini?"

"Alinishika mkono akasema, 'Sista, nidunge atropini, haraka, nakufa.' Nikamuuliza wewe ni daktari? Akauachia mkono."

"Atropini ni ya nini?" aliuliza Marion.

"Mtu aliyeingiwa na sumu ya dawa za wadudu. Lakini nilipomwangalia macho, mboni hazikuwa zimesinyaa kama za mtu wa sumu hiyo, nikamwekea dripu ya maji tu. Jioni akatoka kwa miguu yake."

Marion alisimama dirishani. Mkulima akizidiwa husema ni malaria au amerogwa. Huyu aliijua dawa kwa jina. Alipohisi sumu mwilini hakuifikiria tumbaku hata kidogo, alifikiria bidhaa zake.

"Alivaa nini?"

"Shati jeupe. Alilitapikia, tukamwazima la mlinzi. Nimelifua mara tatu, linanishinda."

Lilikuwa kwenye kamba nyuma ya kliniki. Mikono, kifua na bega la kushoto vilikuwa na madoa meusi yaliyoganda kama lami. Utomvu wa tumbaku, ambao ukishakauka hauogopi sabuni yoyote. Lakini bega la kulia lilikuwa jeupe kama yai, weupe ukishuka nusu ya mgongo.

"Sajini, simama hapa." Marion alichukua mkoba wake akautupia bega la kulia la Clifford. "Sasa pita kwenye majani. Wapi hayatakugusa?"

Clifford alitazama mkoba, kisha shati.

"Chini ya mzigo," alisema.

*

Dukani kwa Zadock ukutani palikuwa na cheti chenye fremu: amehitimu mafunzo ya uuzaji salama wa viuatilifu. Chini yake palikuwa na mabomba ya kunyunyizia, glavu na mizani ya zamani ya mawe. Msaidizi wake, Liz, alikuwa akipima unga wa dawa kwa kijiko na kuusokota kwenye karatasi.

"Karibu, madam," alisema Zadock. "Yule Mkuria amekubali?"

"Bado. Umepona?"

"Kupona nini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu nilikuwa Kisumu. Kuleta mzigo."

"Kwa njia ya Asumbi?"

Zadock alitabasamu, lakini mkono wake uliacha kufuta kaunta. "Madam, mimi nimekula kwenye matanga ya huyo mama mbele ya watu mia mbili. Sahani mbili. Uliza yeyote."

"Nilikuona. Hukuiogopa chira. Ulichosahau ni umande."

Liz alimaliza kifuko kimoja akakiweka kando ya vingine. Wino wa zambarau. Marion alikumbuka msumari wa Susana.

"Dada, nipe hiyo."

Alikifungua palepale. Unga mweupe ulimwagika kwenye kaunta. Aliinyoosha karatasi kwa kucha. Mwandiko ulikuwa wa kutulia, wa mtu aliyejifunza kuandika kwa watu wanaosoma polepole.

*Wa 31. Mirumbe, shemeji yangu. Miaka 20 ya tumbaku. Chupa ya soda, haina karatasi, kutoka kwa Zadock. Hawezi kumeza. Hataki watu wajue.*

"Karatasi hizi mnatoa wapi?"

"Madaftari kuukuu ya wanafunzi, madam," alisema Liz. "Tunanunua rundo. Hili lilikuwa katikati ya rundo huko stoo, lina jalada jekundu, zuri tu. Nimelianza Jumatano. Kwani lina nini?"

Zadock alikuwa amelificha daftari mahali ambapo hakuna polisi angetafuta daftari, akasahau kwamba dukani kwake karatasi haikai.

Aliinama kama anayeokota kitu. Alipoinuka alikuwa na kopo lisilo na kifuniko.

Marion aligeuza uso, na hiyo ndiyo iliyoyaokoa macho yake. Dawa ilimpata sikio, shingo na bega, ikaanza kuuma mara moja kama siafu elfu. Clifford aliruka kaunta. Zadock alinyakua jiwe la mizani la kilo mbili, chuma cha mviringo, akampiga nalo chini ya shingo. Mfupa ulilia. Sajini alianguka juu ya mabomba. Zadock aliinua chuma tena, safari hii usawa wa kisogo.

Bastola ilikuwa mkononi mwa Marion, lakini Liz alikuwa nyuma ya Zadock. Hakufyatua. Alimpiga mdomoni kwa kitako cha bastola, mara moja, mara mbili, na ya tatu ilimwangusha. Alimkanyaga mkono hadi vidole vikaachia chuma. Kilibingirika kikasimama mlangoni.

"Mikono nyuma!"

"Nilimwomba chupa tu!" Zadock alitema damu sakafuni. "Chupa tu! Anipe chupa aende na hadithi zake! Angenifungia duka!"

"Mikono nyuma, nimesema!"

Pingu zilipofunga, Liz tayari alikuwa amemwinamisha Marion kwa nguvu, anammiminia mtungi mzima wa maji shingoni. "Usifumbe macho, madam. Usijikune. Vua hilo koti. Mungu wangu, vua!" Alikuwa akilia na kumimina. Kisha macho yake yaliangukia kaunta na safu ya vifuko aliyoisokota mwenyewe. "Nimeuza vinane," alisema. "Tangu Jumatano nimeuza vinane."

*

Jumamosi mwenye jembe alikuwa wa kwanza kuliona gari la polisi likiingia. Marion alishuka na bandeji shingoni. Clifford alishuka mkono umefungwa kifuani. Kisha, kwa shida, akashushwa Mirumbe, kwa sababu aliwaambia madaktari kwamba asipokuja leo hatakuwa na siku nyingine ya kuja.

Watu walikuwa wameshasikia. Habari hufika kijiji hiki kabla ya gari. Dani Susana alisogea kwa Kezia akaweka mapajani mwake karatasi iliyokunjamana, iliyopanguswa unga. Mwingine akaweka yake. Wakafika wanane. Kezia hakujua kusoma, lakini alizinyoosha moja baada ya nyingine kwa kiganja, kama anayenyoosha nguo ya mtoto.

Kisha aliinuka akaingia jikoni. Alirudi na bakuli. Ulikuwa uji mwepesi, aliouchuja mara mbili kwa kitambaa, karibu maji.

Alipita katikati ya waombolezaji, akawapita wachungaji na wazee, akamfikia Mirumbe kwenye kiti chake. Akapiga magoti mbele yake, mama mkwe mbele ya mkwe, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Kamwala.

"Or," alisema, "kunywa kwangu."

Mirumbe alipokea kijiko. Aliinamisha kichwa upande, akafumba macho, akangoja. Uji ulipita. Alichota tena. Kingine kilimrudi, akakohoa, damu kidogo ikachora ukingo wa bakuli. Kezia aliufuta kwa kidole, na Mirumbe akachota tena. Jua lilipanda. Hakuna aliyeimba, na hakuna aliyeondoka.

Kando ya kaburi lililo wazi mwenye jembe alisimama, udongo umerundikwa, wote wako tayari. Alilaza jembe chini. Akavua kofia, akangoja bakuli liishe.